Na ya kutolea: tozo ya miamala ya 2021 ilivyopita kwenye meza ya nyanya

Asubuhi ya Alhamisi, tarehe 15 Julai 2021, shangazi yangu aligeuza kipande cha boksi kilichokuwa kinaning'inia mbele ya meza yake sokoni, Dar es Salaam. Upande uliokuwa ukitazama wateja ulikuwa na namba yake ya simu, imeandikwa kwa wino mzito ili hata aliyesimama ng'ambo ya njia aisome. Upande wa pili ulikuwa mtupu. Hakuandika "hatupokei pesa ya simu", wala hakumtangazia mtu. Aligeuza boksi, akarudi kupanga mafungu yake ya nyanya: nne chini, moja juu.

Siku hiyo ndiyo tozo ya miamala ya simu ilianza kukatwa Tanzania. Kisa hiki nimekaa nacho muda mrefu, kwa sababu shangazi alikuwa mfano mzuri wa kile ambacho kwenye ripoti huitwa mafanikio. Darasa la saba, kitochi kilichofungwa mpira wa manati ili betri isidondoke, na bado alikuwa anapokea malipo kwa simu miaka kama mitano bila semina wala fulana ya kampuni yoyote. Halafu akaacha kwa asubuhi moja. Watu wengi niliowasimulia walisema ni woga wa teknolojia, au uelewa mdogo. Mimi niliyekuwa namsaidia kujumlisha daftari lake Jumapili jioni najua alikuwa amepiga hesabu. Hesabu hiyo ndiyo ninayotaka kuifungua.

Pesa ya simu ilivyoingia mezani

Ilianza na chenji. Mtu anachukua fungu la 1,000 saa moja asubuhi, anatoa noti ya 10,000, na kwenye fundo la kanga kuna sarafu chache tu za kuanzia siku. Ama umwache aende, ama ukimbie kwa jirani kuvunja noti huku meza inabaki haina mwenyewe. Siku mama ntilie mmoja, mteja wake wa kila siku, alipomwambia "dada, kwani siwezi kukurushia kwenye simu?", shangazi aliona ameokolewa.

Kutoka hapo ikaenea kwa njia ambayo sijawahi kuiona ikielezwa vizuri: ilibebwa na mkopo. Mama ntilie alichukua nyanya asubuhi na kurusha hela saa nane, wateja wake wakishakula. Kijana wa chipsi akafuata. Zamani mtu wa kukopa ilibidi arudi mwenyewe na hela mkononi, na kurudi kuna uvivu, kuna kupita njia nyingine ili asionekane. Simu iliondoa ile safari ya aibu. Kurasa za madeni kwenye daftari zilipungua, na hilo ndilo shangazi alilithamini kuliko chenji.

Mazingira nayo yalikuwa tayari. M-Pesa ya Vodacom ilifika Tanzania mwaka 2008, Tigo Pesa na huduma ya Airtel zikafuata, na kuanzia 2014 mitandao ikaanza kukubaliana kupitishiana pesa moja kwa moja. Vodacom ilijiunga mwaka 2016. Kwa meza ya nyanya hilo la mwisho lilikuwa kubwa kuliko linavyosikika. Kabla ya hapo mchuuzi alihitaji laini tatu, au amkatae mteja kwa sababu ya mtandao wake.

Alikuwa na utaratibu wake. Hasomi ujumbe kwenye simu ya mteja hata siku moja. Anafuta vidole kwenye kanga, anabonyeza menyu mwenyewe, anaangalia salio, anatikisa kichwa kukubali. Ujumbe wa kughushi ulishamliza jirani yake, na ule wa "ile hela tuma kwenye namba hii" ulikuwa unampata kama unavyotupata sote. Kukagua salio kulimchukua karibu dakika nzima, na foleni ilimsubiri.

Sasa angalia kitu kidogo ambacho ndani yake ndimo mambo yote yalimo. Namba ile kwenye boksi ilikuwa yake binafsi, ileile anayopigiwa na ndugu. Mteja alipolipa, mtandao uliona mtu anamtumia mtu, sawasawa na kijana anayemtumia mama yake hela ya matumizi kijijini. Lipa namba, yaani namba maalumu za biashara za kupokelea malipo, zilikuwepo, zimebandikwa kwenye vioo vya maduka ya dawa na ya vipodozi, lakini kuisajili kulidai karatasi za biashara ambazo mwenye meza ya mbao hana. Hakuona sababu ya kuhangaika nazo. Namba yake ilikuwa inafanya kazi.

Na penye kutumiana pana ya kutolea. Kila Mtanzania anaijua sentensi hiyo: "nitumie elfu ishirini, weka na ya kutolea", yaani ongeza ada nitakayokatwa nikiitoa kwa wakala. Ni adabu ya kutuma, usipoiweka, mpokeaji anaona umempa pungufu. Sokoni adabu hiyo haipo. Hakuna anayenunua fungu la 1,000 akaongeza na ya kutolea. Mteja analipa ada ya kutuma, mwuzaji anabeba ya kutoa. Shangazi aliipunguza makali kwa kukusanya: hatoi mara tano, anatoa mara moja jioni, kwa wakala wa kona ya kituo cha daladala.

Kwa nini atoe kabisa? Kwa sababu saa kumi alfajiri alitakiwa kuwa soko la jumla la Ilala na hela mkononi. Nyanya nyingi alizouza zilitoka Ilula, kwenye barabara kuu ya Iringa, zikishuka usiku kwenye malori zikiwa ndani ya matenga. Dalali anasimama kwa niaba ya mwenye mzigo, na alfajiri hiyo dalali ana watu wa kuwalipa palepale: dereva, washushaji, mkulima aliyesafiri na mzigo wake na anataka kurudi na basi la asubuhi. Kila mmoja wao anataka noti. Ukimwambia dalali wa mwaka 2020 "nakurushia", anakuuliza bei ya tenga unayoitaka ni ya hela au ya simu. Kuli anataka taslimu. Mwenye guta anataka taslimu. Ushuru wa soko nao ulikuwa taslimu.

Kwa hiyo pesa ya simu ilipofika mezani kwa shangazi ilikuwa imefika mwisho wa reli. Iliingia kwa simu, ikalala usiku mmoja, ikatolewa. Yeye ndiye aliyekuwa daraja kati ya mteja wa mjini aliyezoea kurusha na mnyororo mzima wa nyanya ambao ulikuwa bado unatembea kwa noti, na gharama ya daraja ilikuwa juu yake. Aliibeba kwa sababu ilikuwa ndogo kuliko hasara ya chenji na ya madeni.

Tozo yenyewe

Tarehe 10 Juni 2021, Waziri wa Fedha na Mipango, Mwigulu Nchemba, alisoma bajeti Dodoma. Ndani yake kulikuwa na pendekezo la kutoza kati ya shilingi 10 na 10,000 kwa kila muamala wa kutuma na wa kutoa pesa kwa simu, kutegemea ukubwa wa kiasi. Bunge likapitisha kupitia Sheria ya Fedha ya 2021, kwa kurekebisha Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015. Matarajio ya makusanyo yalikuwa takriban shilingi trilioni 1.25 kwa mwaka, na Serikali ikataja pa kuyapeleka: vituo vya afya, madarasa, barabara za vijijini. Bajeti hiyohiyo iliongeza shilingi 100 kwa kila lita ya mafuta, na nyanya za Ilula hazitembei kwa miguu.

Tuwe wakweli, hoja ya kukusanya haikuwa ya kipuuzi. Nchi ambayo shughuli nyingi ziko nje ya mfumo rasmi inatafuta mahali ambapo hela inaonekana ikipita, na kwenye simu inaonekana. Lakini pesa ya simu haikuwa imeachwa bure kabla ya hapo. Ada ya mtandao tayari ilibeba VAT ya asilimia 18 na ushuru wa bidhaa wa asilimia 10. Tofauti ni kwamba hizo zilikuwa zimejificha ndani ya ada. Tozo ilikuja na jina lake. Ujumbe wa muamala ukaanza kuonyesha vitu viwili: ada ya mtandao, kisha tozo ya Serikali. Siku ya kwanza shangazi aliutazama mstari ule wa pili kama mtu anayesoma jina lake kwenye orodha asiyotarajia kuwemo.

Sasa hesabu. Namba hizi ni za mfano, nimezifanya nyepesi, ila umbo lake ni la daftari. Tuseme tenga ni 40,000. Ukitoa zilizopondeka na zilizoiva kupita kiasi, linauzwa 48,000. Tofauti ni 8,000. Kuli, guta, ushuru na mifuko vinakula 2,500, zinabaki 5,500. Nusu ya mauzo, yaani 24,000, iliingia kwa simu, na kuitoa kunakatwa ada ya 1,500. Anabaki na 4,000, ya chakula cha nyumbani, kodi ya chumba na kikoba. Ije tozo, tuseme ya 600.

Ukiwa Dodoma unaona 600 juu ya 24,000, yaani asilimia 2.5, jambo la kuvumilika. Ukiwa mezani unaona 600 kutoka kwenye 4,000, yaani asilimia 15 ya kilichobaki baada ya siku nzima juani. Tozo ilipigwa kwenye mzunguko wa hela, na mchuuzi wa rejareja anaishi kwa mzunguko mkubwa na faida nyembamba. Mtu wa mshahara anayetoa kiasi hicho mara mbili kwa mwezi hakuumia namna hiyo. Shangazi alikuwa anakatwa kwenye mtaji wake, hela ambayo kesho yake ilikuwa inarudi Ilula.

Na huo ni upande wa kutoa tu. Upande wa kutuma ulimwangukia mteja. Anayelipa fungu la 1,000 alikuwa tayari anaona ada. Sasa akaona na tozo juu yake. Kiasi kidogo ndicho kinachouma zaidi, maana makato hayapungui sawasawa na hela. Mama ntilie, aliyeanzisha yote haya, aliacha kurusha wiki ileile. Alisema atakuja mwenyewe jioni. Jioni nyingine alikuja, nyingine hakuja.

Hapa ndipo ninapotofautiana na waliosema tatizo lilikuwa ukubwa wa tozo. Ukubwa ulikuwa tatizo, sikatai. Ila kosa la ndani zaidi lilikuwa la kutotambua kinachofanyika. Sheria ilitaja kutuma na kutoa. Malipo ya bidhaa kupitia lipa namba hayakuwa kwenye mtego huo. Kwenye karatasi, basi, biashara ilikuwa imelindwa: anayenunua dawa kwenye duka lenye kioo halipi tozo ya kutuma. Anayenunua nyanya kwenye meza ya mbao analipa, kwa sababu mwenye meza anapokelea kwenye namba yake. Biashara ndogo kuliko zote ilihesabiwa kuwa zawadi kati ya ndugu. Sidhani kama kuna aliyekaa akapanga iwe hivyo. Waliotunga waliona aina mbili za hela, ya familia na ya biashara, wakati kwenye meza ya shangazi zilikuwa zinakaa kwenye laini moja na kutoka kwa wakala mmoja.

Boksi lilipogeuzwa

Siku tano kabla ya tozo kuanza, usiku wa Jumamosi tarehe 10 Julai, Soko Kuu la Kariakoo liliungua. Naitaja kwa sababu ya hali ya hewa ya wiki ile. Wachuuzi wa mji mzima walikuwa wanaongea habari ya moto, mizigo iliyoteketea, nani alikuwa na stoo mle. Katikati ya mazungumzo hayo tozo iliingia kama mgeni anayefika msibani akidai deni.

Shangazi hakurudi kwenye taslimu yote, na kipindi hiki cha katikati kinafundisha zaidi kuliko siku ya kugeuza boksi. Wateja wa kupita alianza kuwaambia "leo hela tu, mwanangu." Wale wa mkopo, ambao bila simu wasingelipa, alibaki nao, lakini akabadili njia. Badala ya kurushiwa, aliwaomba waende kwa wakala na kumwekea moja kwa moja kwenye namba yake, kana kwamba ni yeye anaweka hela. Kuweka hakukuwa na tozo. Kanuni za mitandao haziruhusu kumwekea mtu mwingine namna hiyo, mawakala wanajua, na mawakala wanafanya. Tozo ya upande wa kutuma ikayeyuka. Ya kutoa ikabaki.

Na ya kutoa akaitafutia dawa yake. Jirani yake anayeuza vocha na vifaa vya simu alihitaji salio la simu kununulia vocha za jumla, na alikuwa na noti za wateja wake. Shangazi akawa anamrushia na kupewa noti, kwa makubaliano yao. Gharama ilikuwa ya kutuma badala ya kutoa, wanagawana. Soko lilikuwa limejitengenezea wakala wake lenyewe katikati ya vitunguu na chaja. Nilipomwambia wataalamu wangeliita hili ubunifu alicheka, akasema yeye anaita kubana.

Kilichopotea ni wateja wa katikati: wale wasiokopa, wasiobeba noti, waliokuwa wakipita jioni wakitoka kazini. Hao walienda dukani kwenye lipa namba, ambako nyanya zilikuwa bei juu kidogo na mashine ya ubaridi inanguruma. Daftari la Agosti lilionyesha hivyo bila kuhitaji maelezo. Hakuwa peke yake. Vodacom Tanzania, ambayo hisa zake ziko kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam, iliwaeleza wanahisa wake kuwa tozo iliumiza mapato ya M-Pesa. Kampuni iliumia kwenye taarifa ya robo mwaka. Mchuuzi aliumia jioni ileile.

Kupunguza, kisha kupunguza tena

Malalamiko yalikuwa makubwa na ya haraka. Kabla wiki haijaisha Rais Samia Suluhu Hassan aliagiza suala liangaliwe upya, na mapema Septemba 2021 tozo ikashushwa kwa asilimia 30, kiwango cha juu kikawa 7,000. Nilitarajia boksi ligeuzwe tena. Halikugeuzwa. Nilimwuliza Jumapili moja. Alijibu kwa swali: "Wamepunguza, au wameondoa?"

Nimelifikiria sana jibu lile. Kwenye mfano wetu 600 inakuwa 420. Ni nafuu. Lakini ndani ya miezi miwili alikuwa ameshajenga njia nyingine, na wateja wake wameshazoea kubeba hela. Kumrudisha kungehitaji sababu nzito kuliko ile iliyomtoa, na 180 haikuwa sababu. Pia alikuwa amejifunza jambo ambalo hakulijua Juni: kwamba bei ya kupokea hela yake mwenyewe inaweza kubadilishwa usiku mmoja na mtu asiyemjua. Makato ya mtandao aliyachukulia kama mvua. Haya yalikuwa na mwenyewe.

Julai 2022 kiwango cha juu kikashuka hadi 4,000, lakini wigo ukapanuliwa kuingia kwenye benki, na kelele zikahamia maofisini. Septemba mwaka huo waziri akatangaza bungeni kuondolewa kwa tozo kwenye baadhi ya miamala, ikiwemo kuhamisha fedha kutoka benki kwenda simu, kuanzia tarehe 1 Oktoba. Meza ya nyanya haikusikia tofauti. Kisha kwenye bajeti iliyoanza tarehe 1 Julai 2023 tozo ya kutuma ikafutwa, ya kutoa ikabaki. Hiyo ndiyo iliyobadili mambo, na nitairudia.

Kabla ya hapo kuna jambo moja ambalo wachuuzi hawalisemi mbele ya mgeni: kodi. Kipindi chote hiki, kila nilipomshauri shangazi achukue lipa namba ili mteja asikatwe, alitikisa kichwa. Hakuwa anaogopa makato. Alikuwa anaogopa kumbukumbu. Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka, na mojawapo ya malalamiko yao makubwa kwa Waziri Mkuu Kassim Majaliwa lilikuwa kikosi kazi cha TRA, Mamlaka ya Mapato; aliagiza kisitishwe. Kwa mtu wa meza, Kariakoo ni kaka mkubwa. Kaka mkubwa akilia, mdogo anajificha.

Na hofu hiyo ina miguu. Kwa viwango vilivyowekwa mwaka 2019, mwenye mauzo ya chini ya milioni 4 kwa mwaka hatozwi kodi ya mapato. Inasikika kama ulinzi wa kutosha kwa mchuuzi. Rudi kwenye mfano: 48,000 kwa siku, siku 300, ni mauzo ya milioni 14.4. Anachobaki nacho, kwa ile 4,000 ya siku njema, ni milioni 1.2. Kigezo ni mauzo, na mauzo ya nyanya ni mengi kwa sababu nyanya inapita tu mikononi mwake. Lipa namba inaandika milioni 14.4. Haiandiki tenga la 40,000 lililolipwa kwa noti alfajiri.

Kinachonisikitisha ni kwamba sheria hiyohiyo inamthamini mwenye kumbukumbu. Mwenye mauzo kati ya milioni 4 na 7 asiye na kumbukumbu alipangiwa 100,000 kwa mwaka. Mwenye kumbukumbu, asilimia 3 ya kile kinachozidi milioni 4. Kwa mauzo ya milioni 5 hiyo ni 30,000. Taarifa ya simu ingeweza kuwa kumbukumbu hiyo na kumpunguzia mtu mzigo. Nilimwonyesha shangazi kwenye karatasi. Akakubali hesabu ni sahihi, akaniuliza kama mimi ndiye nitakayekuja kuongea nao siku wakija. Sikuwa na jibu zuri. Lipa namba haikuchukuliwa mwaka ule.

Kilichoirudisha namba

Aliyeirudisha ni dalali. Baada ya Julai 2023, kutuma kukiwa hakuna tozo na kutoa kukiwa nayo, hesabu ya alfajiri ilibadilika pale Ilala. Mwenye mzigo aliyekuwa na akaunti benki hakutaka tena kusafiri na bunda la noti kutoka Dar hadi Iringa, akaanza kumwambia dalali amtumie. Dalali akishakubali kutuma mbele, hana sababu ya kukataa kupokea nyuma. Bei mbili za tenga, ya hela na ya simu, zikaanza kusogeleana, na kwa baadhi yao zikawa moja.

Kwa shangazi hii ilimaanisha kitu kimoja: hela ya mteja haikuhitaji kutolewa. Iliingia jioni, ikalala, ikaenda kwa dalali alfajiri ikiwa bado ni ya simu. Reli ilikuwa imesogea mbele kituo kimoja. Ndani ya mwezi boksi lilikuwa limegeuzwa, namba ileile, wino umefifia kidogo. Baadaye alichukua na lipa namba, ya wateja wa jioni, kwa sharti lake mwenyewe: hela ya mkopo inaingia kwenye namba ya zamani.

Benki Kuu kwa upande wake imejenga TIPS, mfumo unaounganisha benki na mitandao, na TANQR, msimbo mmoja wa kulipia unaosomwa na wote. Ni kazi nzuri, na hayo ya mitandao kushindwa kusomana yamebaki hadithi ya wazee. Ila kwa kisa hiki msimbo ulikuja umechelewa kumjibu shangazi swali ambalo hakuwa analiuliza. Namna ya kupokea aliijua toka zamani. Swali lake lilikuwa hela hii nikishaipokea inakwenda wapi bila kukatwa.

Na bado haiendi kila mahali. Asubuhi moja mwaka uliofuata nilimsindikiza Ilala. Alimrushia dalali hela ya tenga akiwa amesimama, simu kwenye kiganja, bila mtu kuuliza lolote. Kisha kuli akaja, kijana mwembamba mwenye gunia kichwani kama kofia, akabeba tenga hadi kwenye guta. Shangazi akapapasa fundo la kanga, hakuna sarafu. Akamwomba namba, akamrushia 1,000.

Kijana akasoma ujumbe, akainua macho.

"Mama, na ya kutolea?"

Shangazi akamwangalia kidogo. Akafungua nyasi za juu ya tenga, akachagua nyanya nne ngumu, akamwekea mkononi moja moja.